Jina la Binti wa Feza

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo waliokuwepo bado wanapumua, palikuwa na mwanamke aitwaye Feza. Alizaliwa Fizi, kule Kongo, akaolewa na Wilondja, wakahamia Ufini, nchi ambako ziwa huganda likawa gumu, watu wakatembea juu yake.

Feza akashika mimba, na mimba ikamkatalia chakula. Akila ugali, anatapika. Akila wali, anatapika. Mwili ukaisha, daktari akaanza kukunja uso. Feza alitaka kitu kimoja tu.

"Nataka samaki niliyemtoa majini mwenyewe. Nimwone akirukaruka."

Mumewe akacheka. Majirani wakacheka. Hakucheka Atosha, dada yake Wilondja, ambaye kwa kawaida kicheko chake husikika hadi mtaa wa pili.

"Jumamosi twende, wifi yangu," alisema.

Jumamosi asubuhi wakaenda ziwani. Atosha akaburuta hema, akaburuta hita ndogo ya gesi na mtungi wake. Akatoboa barafu kwa keekee, akasimamisha hema juu ya tundu, akawasha hita. Upenyo mmoja aliuacha wazi, maana hita ya gesi hula hewa, na hema likifungwa kabisa linaweza kuua walio ndani bila moshi wala harufu. Atosha alilijua hilo.

Feza akateremsha ndoana. Wakapiga soga, Atosha akacheka kwa sauti yake ile. Mara uzi ukavutwa, Feza naye akavuta, akatoka samaki mnene mwenye mistari ubavuni, akirukaruka. Feza akalia kwa furaha.

"Mmoja tena, wifi."

Hapo upepo ukavuma. Theluji ikaingia kwa ule upenyo, Feza akatetemeka mpaka meno yakagongana.

"Wifi, nahisi hata mtoto anatetemeka."

Huruma ikamshinda Atosha. Akaufunga upenyo. "Kidogo tu, upate joto."

Joto likaja, likaja na usingizi. Feza akalaza kichwa mapajani pa Atosha. Atosha naye akasinzia, mkono wake juu ya tumbo la wifi yake.

Jirani na hapo alikuwapo Mwamini, mwanamke wa kwao Kongo, akivua peke yake. Yeye na Atosha walikuwa hawasemezani tangu walipogombana jikoni kwenye harusi ya mtu. Lakini asubuhi nzima sikio la Mwamini lilikuwa kwenye lile hema, kwenye kile kicheko. Sasa akasikia kimya. Akangoja. Kimya. Akaiacha ndoana yake, akakimbia, akaita, hakuitikiwa. Akalipasua hema kwa kisu, akaipiga teke hita ikavunjika, akawaburuta wote wawili nje. Atosha akakohoa. Feza akafumbua macho.

Sasa hewa ilikuwapo, joto halikuwapo. Hema limechanika, hita imevunjika, nchi kavu iko mbali. Mwamini akapiga simu kuomba msaada, lakini Feza alishaanza kufa ganzi.

Ndipo kutoka kibanda cha mbao kilichosimama pale juu ya barafu akatokea bibi mmoja Mfini, jina lake Eila, akawapungia mkono waje. Kibanda kilikuwa kidogo, na hita yake ndogo, nayo ya gesi. Akamketisha Feza karibu na moto, akamvisha glavu zake mwenyewe. Mlango ulipaswa kubaki wazi kidogo wapate hewa, na kwa mlango huo upepo uliingia. Basi Eila akaketi pale pale mlangoni, akaupa upepo mgongo wake. Akakaa hivyo mpaka gari la wagonjwa likafika. Vidole vyake viwili viliganda, ikabidi vikatwe.

Feza aliporudi nyumbani akampika samaki wake, aliyeokotwa kwenye lile hema, akamla, na samaki akatulia tumboni. Tangu hapo akala kila kitu. Barafu ilipoyeyuka akajifungua binti.

"Uchungu ulikuwa wako," Wilondja akamwambia. "Jina toa wewe."

"Nitampa jina moja tu," akasema Feza, "awe na somo mmoja wa kumkimbilia maisha yake yote."

Wakaja wale wanawake watatu wa ziwani.

Atosha akasema, "Wote walikucheka, mimi nilikuelewa. Samaki yule ndiye aliyekurudishia chakula. Upenyo niliufunga, sikatai. Niliufunga kwa kukupenda, na ningekufa pamoja nawe."

Mwamini akasema, "Ungekufa naye, dada, na mtoto pia. Mimi nilisikia kimya chenu. Nisingelipasua hema, leo tungekuwa tunabishania nini?"

"Na hita uliyoivunja?" akauliza Atosha. "Si ungeizima tu, tukapata joto baadaye?"

"Nilikuona umelala kama maiti, Atosha. Ningekumbuka wapi swichi?"

Atosha akamshika Mwamini mkono, hakuuachia.

Eila akasema kwa lugha yake, Wilondja akatafsiri: "Mimi nilikaa mlangoni tu. Ila sikujaliwa mtoto, na jina langu nitaondoka nalo."

Feza akamtazama binti yake, akawatazama wale watatu, na machozi yakamlenga.

Haya, mliosikiliza, Feza anawangoja. Binti aitwe Atosha, aitwe Mwamini, au aitwe Eila? Je, jina hili ni haki ya nani?