Njia ya Mkunde

Tulieni, niwapeleke mlimani.

Mume wa Mkunde alipanda msituni kurina asali, asirudi. Mkunde akamfuata. Akaupita msitu, akatokea kwenye nyika ya baridi ambako miti haioti. Zimwi lilikuwa limeketi njiani.

“Mumeo yuko ng'ambo ya ukungu,” likasema. “Vuka umpate. Ila ukivuka, njia itafutika nyuma yako.”

Mume akaita kutoka ukunguni, “Mkunde.” Mkunde akasogea. Akaita tena, Mkunde akasogea. Alipoita mara ya tatu, Mkunde akamkumbuka binti yao Ndekirwa, aliyemwacha kwa bibi yake.

“Baba Ndekirwa, mtoto bado mdogo,” akajibu huku akilia, akageuka.

Tangu hapo, kila majani yanapoota, Mkunde huifyeka njia ile, isije ikapotea kabla mtoto hajakua.

Nami nilimwacha huko huko, panga mkononi.