Digidigi na Kioo cha Gari la Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wakiendesha magari na kukata bima kama sisi, aliishi mama mmoja Digidigi, mwenye miguu kama njiti na akili kama kiwembe. Gari lake lilikuwa dogo, la kupeleka watoto wa majirani shule. Kwenye kiti cha mbele alikaa mwanawe, Tunu, ambaye kifua chake hakikupatana na baridi.

Asubuhi moja lori la Nyati likawapita kwa kasi. Jiwe likaruka. Paa! Kioo cha mbele kikapasuka, na vipande vikamwagika mapajani mwa Tunu.

"Mama, nimeumia?" Tunu akauliza.

"Hujaumia, mwanangu. Tulia hivyo hivyo, usiguse kitu."

Gereji ya karibu ilikuwa ya Fundi Kima. Kima aliacha chai yake ikipoa, akachuchumaa mbele ya mtoto, akaanza kuokota vipande kwenye manyoya yake kwa vidole virefu, taratibu, huku akimpulizia. Kisha akatandika kanga ya mkewe juu ya kiti ili Tunu asikalie chenga za kioo.

Digidigi akayaona yote hayo, akayaweka moyoni.

"Kioo cha gari hili ninacho," Kima akasema. "Ila gundi yangu lazima ilale usiku mzima. Sikuruhusu kuondoka kabla haijashika."

"Nitangoja, fundi. Bima italipa. Acha nikamwone Kiboko."

Kiboko ndiye aliyekuwa mkuu wa bima ya mwituni. Digidigi alimkuta mtoni, kajizamisha, masikio tu yako juu.

"Shikamoo, mzee. Kioo changu kimevunjika. Nataka Fundi Kima anitengenezee."

"Marahaba. Nenda kwa Fisi."

"Namtaka Kima, mzee."

"Wote wanakwenda kwa Fisi. Ukienda kwa Kima, usije kwangu."

"Nilipokata bima hukuniambia hivyo. Ulisema kioo kikivunjika mtalipa."

"Tutalipa. Kwa Fisi." Na masikio nayo yakazama. Chubwi.

Sasa, kila mtu mwituni aliijua kazi ya Fisi. Yeye alibandika vioo kwa ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege, na jua likiwaka ulimbo unayeyuka. Swala Pala alibandikiwa kioo na Fisi, kikamwangukia kwenye mteremko; alifika nyumbani amekikumbatia kama mtoto mchanga. Lakini Fisi alimpelekea Kiboko matikiti kila wiki, na Kiboko alipenda matikiti kupita kiasi.

Digidigi akatazama juu. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kupandana. Akamfikiria Tunu kwenye kiti cha mbele, mvua ikimpiga kifuani.

Alipokuwa akiondoka, akapita mbele ya gari kubwa la Kiboko lililoegeshwa ukingoni. Wakubwa hulitazama kutoka juu. Yeye, kwa ufupi wake, alilitazama kutoka chini, jua likiwa upande wa pili. Kioo cha mbele kilikuwa na stika ya bima kubwa kama sinia, na nyuma ya stika hiyo kulikuwa na ufa mrefu uliojipinda kama nyoka.

"Kumbe," akajisemea. Akakata kona kwenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Fundi Fisi."

"Marahaba, mama mdogo. Umeniletea kioo?"

"Changu kitangoja. Cha mkubwa kinatangulia. Hujui kwamba gari la Kiboko lina ufa?"

Fisi akabaki mdomo wazi. "Mbona hajaniambia?"

"Pengine anaona una kazi nyingi. Au ana fundi mwingine?"

"Mwingine yupi? Fundi wa bima ni mimi peke yangu."

"Basi kesho atakuwa anawasikiliza wenye bima pale mtoni. Mfanyie hiyo kazi mbele za watu, uone heshima utakayopata."

Kesho yake wenye magari wote walikuwa ukingoni. Digidigi alisimama katikati yao, Tunu kajifunga kanga, anakohoa. Fisi akaja na nyundo na kopo la ulimbo, anaimba.

"Mzee, nimekuja kutengeneza kioo chako."

"Kioo gani?" Kiboko akashtuka.

Fisi akashika stika, akaivuta. Kwaruu! Ufa ukaonekana na kila mtu. Fisi akainua nyundo.

Kiboko akatoka majini, bwaa, wimbi likawalowesha wa mbele wote. "Weka nyundo chini, Fisi."

"Lakini mzee, mimi si ndiye fundi wa bima?"

"Wa magari ya hao. Humu wanapanda wanangu."

"Kwani utampa nani kazi, mzee?" Digidigi akauliza kwa upole.

"Kima, bila shaka. Ana mkono mzuri."

"Na akija mtu akakwambia lazima Fisi?"

"Gari ni langu. Nani wa kunichagulia fundi?"

Pala akaanza kucheka, akajifanya anakohoa.

"Na gari hili, mzee, lina bima gani?"

"Hii hii yenu. Iko nyingine?"

"Basi na mimi gari ni langu," Digidigi akasema, akamsogeza Tunu mbele. "Humu anapanda mwanangu. Nani wa kunichagulia fundi?"

Kiboko akainamisha kichwa chake kikubwa. Akamtazama Tunu anayekohoa. Akautazama ufa wake.

"Kila mwenye gari," akanong'ona, "achague fundi wake."

"Wa nyuma hatusikii, mzee," Pala akasema.

"Kila mwenye gari achague fundi wake, na bima italipa!"

Vigelegele vikapasua anga. Fisi akauliza, "Na ulimbo wangu je?" Ndege wote wakaruka kwenye matawi, wakakaa mbali naye.

Jioni ile Kima akabandika kioo cha Digidigi, gundi ikalala usiku mzima. Asubuhi mvua ikanyesha kama imefunguliwa bomba. Tunu akabandika pua kwenye kioo akatazama matone yakikimbia nje, na hakuna hata moja lililomfikia. Nje ya gereji gari la Kiboko lilikuwa kwenye foleni, nyuma ya la Pala. Mlangoni alisimama Fisi, amelowa, kaja kuomba afundishwe kazi, na Kima akamsogezea kigoda.

Basi, wanangu: chombo chako kina haki ya kutengenezwa na mkono unaouamini, na usione haya kuidai haki hiyo.