Mtamba wa Chilongani

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana hospitali ilikwisha kujengwa, paliishi Ugogo mfugaji mmoja aitwaye Chilongani. Alikuwa na ng'ombe wachache na maneno mengi. Mkewe, Sechelela, alikuwa na maneno machache, lakini yeye ndiye tutakayemfuata, kwa hiyo msimwache nyuma.

Katika kijiji chao, mtu akizidiwa na mifugo humpelekea rafiki ng'ombe mmoja au wawili amfugie. Rafiki hunywa maziwa, mwenye ng'ombe hubaki na ng'ombe wake, na urafiki hunenepa. Urafiki huo ulikuwa na adabu yake: maziwa ya ng'ombe wa rafiki hayachemshwi. Ukiyachemsha, umemwambia mwenzako kwamba amekuletea uchafu.

Basi rafiki yake Chilongani, Mbijima, akamletea ng'ombe mwekundu mwenye mimba. Hata kabla ya wakati wake, ng'ombe akatupa mimba, na kondo la nyuma likakwama. Chilongani akakunja shati, akaingiza mkono mtupu, akalivuta likatoka. Akanawa, akaketi, akaomba maziwa.

"Kliniki walisema tuyachemshe," Sechelela akamwambia.

"Mbijima akisikia? Unataka nimtazame vipi usoni?"

Sechelela akachukua kibuyu, akaenda jikoni. Tangu siku hiyo akawa anachemsha ya watoto, jikoni, mlango umefungwa. Ya mumewe akayaacha mabichi, maana Chilongani angeyatambua kwa ulimi na nyumba ingewaka moto.

Watoto hawakuugua. Chilongani akaugua. Homa ilikuja jioni ikaondoka asubuhi, ikaja tena, ikaondoka tena. Akanywa dawa ya malaria, homa ikarudi. Viungo vikauma, mgongo ukauma, kisha kichwa, na kichwa hakikuacha. Sikio la kushoto likaziba. Halafu yale maneno yake mengi yakaanza kumponyoka: kibuyu akakiita jembe, mkewe akamwita kwa jina la dada yake. Miguu ikalegea. Siku moja akaanguka zizini, mwili ukimtetemeka, povu likimtoka mdomoni.

Watu wakasema amelogwa. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Ndahani, mdogo wake Chilongani. Akampeleka kaka yake kwa mganga. Huko akachanjwa chale, akafukizwa, akanyweshwa mizizi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Sechelela akamfuata Ndahani huko.

"Shemeji, kaka yako anaisha, na wewe unatazama."

Ndahani akainamisha kichwa. "Nimekosea, shemeji. Niletee baiskeli."

Walipokuwa wakimpakia, Chilongani akapata saa ya akili. Akawashika mikono, akasema mbele ya majirani, "Atakayenisimamisha tena kwa miguu yangu, mtamba wangu mweusi, yule ambaye hajazaa bado, ni wake." Kisha akili ikaenda zake.

Ndahani akamfunga kaka yake kwenye baiskeli kwa kanga mbili, akaisukuma katika mchanga mpaka hospitali. Mvua za kupanda zikaanza, yeye yuko wodini anamgeuza kaka yake na kumwosha. Mvua zikakatika, na shamba lake halijaona jembe. Mwaka ule watoto wa Ndahani walikula kwa kuomba, nanyi mnajua chakula cha kuombwa kilivyo kichungu.

Lakini madaktari walitibu hili, wakatibu lile, mgonjwa palepale. Sechelela alikwisha kuanza kumlilia moyoni mtu aliyekuwa bado anapumua.

Ndipo Mbijima akaja kumjulia hali. Akaketi kando ya kitanda, akasalimia. Chilongani akamtazama kama mtu asiyemjua. Mbijima akatoka nje, kisha akarudi, akaomba aonane na daktari. Akasema mbele ya Sechelela na Ndahani, pasipo mtu kumuuliza:

"Ng'ombe niliyempa huyu alitupa mimba mara mbili zizini kwangu. Nilijua. Nilimhamisha ili mkosi utoke kwangu. Na mke wangu naye ana homa kama hii."

Ndahani alitaka kumpiga. Daktari akamzuia, akapima damu ya mgonjwa, akapima na maji ya uti wa mgongo. Akarudi akasema, "Ni brusela. Ugonjwa wa ng'ombe, umeingia kwa mkono au kwa maziwa, ukapanda hadi kwenye ubongo. Sasa tunajua tunachokitibu. Ila dawa ni ya miezi, na akiiacha katikati tutarudi nyuma kuliko tulikotoka."

Bwana mifugo akaja, yule ng'ombe mwekundu akachinjwa, na wa Chilongani wakapimwa wakakutwa wazima; kisha akaenda kupima zizi la Mbijima. Ng'ombe waliokutwa na ugonjwa wakachinjwa, na wote walikutwa nao. Watu wa kijiji wakaacha kumwitikia salamu.

Chilongani akarudishwa nyumbani na dawa zake. Hapo ndipo kazi ya Sechelela ilipoanza, ndugu zangu, maana akili iliyovurugika haijui dawa. Alizitema. Alimtukana mkewe. Siku moja alimrushia kigoda kikampasua juu ya jicho. Sechelela akafunga kanga kwenye jeraha, akaokota vidonge vumbini, akavifuta, akaanza upya. Alichoka. Alimchukia, na siku mbili tatu alifunga mzigo wake arudi kwao. Akaufungua. Asubuhi dawa, jioni dawa, hadi ya mwisho ikamezwa.

Na Chilongani akasimama. Sikio la kushoto halikurudi, lakini maneno yalirudi, tena mengi. Akamtoa mtamba mweusi zizini, akashika kamba, akawaita.

Ndahani akasema, "Kaka, nilikubeba. Pasipo mimi usingefika hospitali, ungezikwa kwa mganga. Shamba langu lilikufa kwa ajili yako."

"Aliyempeleka kwa mganga ni nani?" Mbijima akauliza.

"Na aliyemletea ugonjwa ni nani?" Ndahani akamrudishia.

Mbijima hakukataa. "Ni mimi. Lakini mngefika hospitali mkae mwaka, mngetibu nini? Ningenyamaza, zizi langu lingejaa leo, na Chilongani angekuwa kaburini. Nilisema, na sasa sina hata ndama."

Sechelela alisema mwisho. Katika nyumba ile hakukuwa na kitu kilichoitwa chake, isipokuwa vyungu.

"Kufika hospitali si kupona," akasema. "Kujua ugonjwa si kupona. Dawa ndiyo iliyomponya, na dawa nilimmezesha mimi, kwa jeraha hili mnaloliona. Lakini sitaficha. Maziwa ya watoto niliyachemsha. Yake sikuyachemsha, na nilijua."

Chilongani akageuza sikio lake zima, akamsikiliza hadi mwisho. Akamtazama mkewe, akamtazama mdogo wake, akamtazama rafiki yake. Kisha akaishika kamba kwa mikono miwili.

Mtamba ni mmoja, na ahadi ilitolewa mbele ya majirani. Basi ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza: kamba ile ingekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?