Senti Chini ya Taa ya Njano

Ukipenda, chongo huita kengeza. Maana yake ni kwamba mwenye mapenzi haoni kasoro ya kile akipendacho, na hata akiiona huitafutia jina zuri. Wengi hudhani methali hii ni ya vijana na wachumba. Lakini katika mji mmoja mdogo wa Pennsylvania, ambako tanuri za chuma zilizimwa zamani na theluji chafu hukaa kando ya barabara hadi Machi, iliwapata wazee wawili waliokuwa kama chanda na pete. Kilichowaponza kilikuwa sarafu ya senti moja.

Verlin Stauffer alikuwa mkaguzi wa chama cha wakusanya sarafu, kilichokutana katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Mtu akiona herufi za senti yake zimejirudia, kana kwamba kila moja ina pacha mgongoni, alimpelekea Verlin ili aseme chanzo chake. Kama muhuri wenyewe, ule wa chuma unaopigia sarafu, uliwekwa picha mara mbili, hiyo ilikuwa hazina, na mvumbuzi wake aliandikwa jina katika orodha ya wakusanyaji wa nchi nzima. Kama muhuri ulitetereka tu wakati wa kupiga sarafu, hapakuwa na kitu. Tena senti za siku hizi ni zinki iliyovikwa ngozi ya shaba, nyembamba kama utando wa kitunguu. Sarafu inapopigwa, ngozi hiyo huvutika pembeni mwa herufi, ikachanika, na zinki ya kijivu ikachungulia. Jicho la haraka huona herufi mbili. Kwa hiyo Verlin alikuwa na sharti lake: taa nyeupe, na sarafu izungushwe yote chini yake. Wenzake walimtania kwamba hata mkewe alimzungusha chini ya taa kabla ya kumposa.

Shemeji yake, Delbert Ruhl, alikuwa mzee wa tanuri ambaye mapafu yake yalikuwa yamechoka. Ndiye aliyemuuguza Arlene, mkewe na dada yake Verlin, hadi mwisho. Alimlisha supu kwa kijiko na kujifunza kumsuka nywele kwa vidole vyake vilivyoungua. Verlin hakulisahau hilo. Tangu Arlene alipokuwa hai, Delbert alikuwa akichukua masanduku ya senti benki, akizitazama moja moja, zisizo na kitu akizirudisha na kuchukua nyingine. Hakutafuta utajiri. Alitaka jina lake liandikwe mahali. Mtu wa tanuri, alizoea kusema, chuma chake kipo kwenye kila daraja na jina lake halipo popote ila kaburini.

Msimu wa majani kuanguka, Delbert alimpigia simu Verlin aje upesi. Hakuweza tena kutoka nyumbani. Verlin alimkuta jikoni, mpira wa oksijeni puani, chini ya taa ya njano ambayo Arlene aliinunua. Mbele yake ilikuwapo senti moja juu ya kitambaa.

"Usinidanganye, bwana," alisema Delbert. "Ila usiniambie harakaharaka pia. Acha nifurahi kidogo kwanza."

Verlin aliinama na kioo chake cha kukuzia. Tarakimu za mwaka zilikuwa na mstari wa pili, umezifuata kama kivuli. Desturi yake ilikuwa kuichukua sarafu nyumbani, kwenye taa yake. Lakini alisikia pumzi ya shemeji yake ikipiga mluzi, akaona mikono ile iliyomsuka dada yake ikisubiri kwenye kitambaa. Aliigeuza senti kidogo, kisha akaacha. Chini ya taa ile ya njano, kila kitu kilikuwa na rangi ya shaba.

"Ni muhuri, Delbert," alisema. "Umeipata."

Hakusema uongo, aliamini. Delbert alicheka hadi akakohoa. Alisema Arlene alimwambia atapofuka bure, sasa nani mjinga? Siku ile ile alimpigia binti yake Marlys, aliyeishi Oregon na ambaye kwa muda mrefu aliuita uchambuzi ule kuchokora takataka. Marlys akaahidi kuja sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Kesho yake Delbert alimwomba jirani ayarudishe benki masanduku yote ambayo hakuwa ameyagusa. Kazi, alisema, imekwisha.

Verlin aliichukua senti ili aipige picha kwa ajili ya orodha. Aliwasha taa yake nyeupe na kuizungusha. Ule mstari wa pili ukang'aa kijivu, baridi kama bati. Haukuwa umeinuka kama herufi, ulikuwa ufa. Alijaribu pembe nyingine, na nyingine tena. Shaba ilikuwa imechanika, basi.

Ingempasa aende siku ile ile. Lakini Marlys alikuwa njiani, na Verlin aliuita woga wake huruma. Siku ya sikukuu, mezani penye bata mzinga na pai ya maboga, Marlys aliizungusha senti, aliyoirudisha Verlin, kwa kila mtu juu ya kisahani, na Delbert akasimulia upya jinsi alivyoiona. Verlin hakumaliza chakula chake.

Marlys alipoondoka, Delbert aliuliza habari za orodha. Ndipo Verlin akamweleza yote.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya sikukuu."

"Na siku ile hapa jikoni, ulitazama senti au ulinitazama mimi?"

Verlin alikitazama kitambaa. "Nilikutazama wewe."

Delbert aliitikia kwa kichwa. "Wakati ule mikono yangu ilikuwa bado inashika kioo, Verlin. Huenda ya kweli ilikuwa kwenye masanduku yale niliyoyarudisha." Akavuta pumzi. "Lakini nitakuchukiaje? Mimi nilimwambia Arlene kila asubuhi kwamba rangi yake imerudi. Naye alikuwa anaisha mbele ya macho yangu."

Kesho yake Verlin alileta sanduku jipya kutoka benki. Walikaa pamoja mezani, lakini senti zilimponyoka Delbert zikaangukia blanketini, na baada ya muda akaomba kulala. Alizikwa kabla theluji haijayeyuka.

Majira ya kuchipua, chama kilipokutana, Verlin aliiweka senti ile mezani, chini ya taa nyeupe. Kwenye ufa, zinki ilikuwa imeanza kuota ukungu mweupe. Aliwasimulia kosa lake bila kujitetea, kisha akaomba sharti jipya: mtu asikague sarafu ya ampendaye, bali ampe mwenzake. Wote walikubali, na hakuna aliyetania. Mmoja aliuliza kama senti ile itupwe. Verlin aliirudisha mfukoni mwa shati, upande wa moyo, akasema hapana, kwa maana hata sasa, akiitazama nyumbani, kuna jioni anaiona kuwa ni ya kweli. Hakika, ukipenda, chongo huita kengeza.