Kava la Watu Arobaini na Mmoja

Tulia hapo na digrii yako, nikufundishe. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini hadithi hii hata profesa wako haijui. Ukimaliza itume kwenye magrupu yote, hata lile la harusi iliyokwisha pita.

Arusha kulikuwa na fundi wa makava ya albamu, anaitwa Nanyaro. Kwaya zote zilimjua tangu enzi za kaseti. Mpe picha mliyopigwa nyuma ya choo cha shule, anakurudishia mmesimama mbele ya maporomoko ya maji, ndege inapaa juu, twiga anachungulia pembeni. Usicheke, shangazi yako ana kava kama hilo kabatini.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa hii: hamwachi mtu. Waimbaji hata sitini, kwenye kava dogo kama kiganja, kila mmoja atauona uso wake. Na watu wa kwaya unawajua. Hawaulizi albamu ina nyimbo ngapi. Wanauliza, "Mimi niko wapi?"

Miaka ikaenda, vijana wakaja na kompyuta zao, wateja wakapungua. Nanyaro akawa mtu wa kuiangalia simu isiyoita.

Siku moja ikaita. Alikuwa Gwandu, katibu wa kwaya moja ya Babati. Hawakuwahi kuonana. Akatuma picha ya waimbaji arobaini na mmoja, wote majoho ya bluu, sura ndogo kama punje za mtama.

Siku ya tatu akapiga tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Fundi, mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Huyo mfute."

"Amefariki?"

"Wapi! Ni Tluway, anaimba besi. Amesema kwenye kikao eti wimbo wangu nimeuiba kwa kwaya ya jirani."

"Katibu, mimi sifuti watu."

"Basi niwape vijana wa stesheneri. Wao wanafuta."

Nanyaro akaikumbuka ile simu isiyoita. Akafuta. Pale alipokuwa mtu akaweka ua waridi. Makava yakachapwa, maboksi yakaenda Babati.

Ijumaa mchana akawa analitazama kava moja lililobaki mezani, mara jasho likamtoka. Kabla ya kufuta, aliigeuza ile picha, kushoto ikawa kulia, ili jua lilingane na maporomoko! Akafungua picha ya mwanzo, akahesabu kwa kidole. Tluway bado yupo kwenye kava. Aliyefutwa ni wa tatu kutoka kulia. Ni nani? Hakujua. Anaweza kuwa mjane wa watu. Anaweza kuwa mchungaji.

Akampigia Gwandu mara tisa. Haikupokelewa.

"Mama Ndesha, uzinduzi ni keshokutwa," akamwambia mkewe. "Nisiende?"

"Usiende, ukajifiche wapi? Jina na namba yako viko nyuma ya kila kava."

Jumapili, kule Babati, kanisa lilifurika. Nanyaro alikaa benchi la mwisho, anapima kila uso akijiuliza ni yupi atakayelia. Boksi likafunguliwa, makava yakagawiwa, vidole vikaanza kutembea juu ya picha.

"Mimi huyu hapa!"

"Mama yangu, nimenenepa hivi?"

Jamaa mmoja mnene akaunguruma kwa besi, "Tluway nimetoka kama bwana harusi!"

Kule mbele, mwanamume aliyeshika maikrofoni akaacha kuongea. Kidole chake kilipita mstari wa nyuma, kikarudi, kikapita tena, kikasimama juu ya ua.

"Katibu," akauliza mwenyekiti wa kwaya, Mama Paskalina, "mbona wewe sikuoni?"

Gwandu akaligeuza kava, akalikodolea macho jina la fundi. Alitaka kupiga kelele, ila angelalamika ingebidi aseme aliagiza nini.

"Labda ni mashine," akasema kwa shida.

Ndugu yangu, mlango wa kutokea ndio huo. Mimi na ujanja wangu wote ningepita mbio. Nanyaro angeitikia tu "ndiyo, mashine", akapanda basi, akarudi kwake. Badala yake akasimama.

"Si mashine, Mama. Fundi ni mimi. Niliagizwa nifute mtu, nikakubali kwa kuogopa kukosa kazi. Nikakosea wa kufuta."

Gwandu akashusha maikrofoni taratibu, akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani aliagiza.

Tluway akalitazama kava, akamtazama katibu.

"Sawa," akasema. "Lakini ule wimbo bado ni wa jirani."

Kanisa zima likaangua kicheko, na Mama Paskalina akaamuru picha ipigwe upya, katibu na Tluway bega kwa bega.

Lile kava lenye ua limetundikwa dukani kwa Nanyaro mpaka leo. Mteja akija kunong'ona kwamba fulani afutwe, fundi humwonyesha lile ua.

"Kwani hapa alikuwepo nani?" mteja huuliza.

"Aliyeniagiza."

Funzo: Usikubali kumfuta mwenzako kwa kuogopa kukosa mkate, maana siku boksi likifunguliwa, wa kwanza kutetemeka ni aliyeshika kifutio. Na wewe admini uliyenitoa kwenye grupu juzi, soma mara mbili.