Aliyeambiwa Hayupo

Mtu mmoja alikuwa na binti aliyesomea uuguzi. Mtu huyo aliitwa Lusekelo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Rungwe, na binti yake aliitwa Gwantwa. Alimpenda. Hilo msilitilie shaka, kwa maana yote aliyoyafanya baadaye aliyafanya huku akimpenda.

Gwantwa akiwa mwaka wa pili aliachana na kijana aliyesoma naye. Kijana akachukua picha ambayo binti alikuwa amemtumia yeye peke yake, akaisambaza kwenye kundi la WhatsApp la chuo. Ilipofika jioni, picha ilikuwa kwenye simu za watu wasiomjua hata jina. Walimcheka, wakamtukana, wakamwandikia maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele yenu. Asubuhi Gwantwa akapanda basi kwenda nyumbani, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Habari ilikuwa imemtangulia. Baba alimkuta mlangoni, na kabla hajamkaribisha, akamwuliza, "Kwa nini ulimtumia?"

Mama akamwuliza hilohilo, na shangazi, na mama mchungaji aliyekuja kuwapa pole wazazi. Hakuna aliyeuliza jina la kijana. Baba akaifungia simu ya binti kabatini, akaandika barua ya kumwondoa chuoni, na akaagiza kwamba yeyote atakayekuja kumwulizia aambiwe hayupo. Alisema anaizuia aibu isiingie ndani.

Miezi saba ikapita. Gwantwa alikamua ng'ombe, alipika, aliitika alipoitwa. Mezani hakukaa tena. Alikula jikoni, akiwa amesimama. Mama ndiye aliyeona kwanza jinsi nguo zilivyokuwa zikimpwaya. Akamwambia mumewe, na mume akaogopa, akafunga safari kwenda chuoni kuomba binti arudishwe.

Huko alikutana na Bupe, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Gwantwa. Bupe alimwonyesha madaftari mawili: alikuwa amemnakilia mwenzake masomo ya muhula mzima. Akatoa na karatasi alizochapisha, zenye matusi yale yote na majina ya walioyaandika, pamoja na ujumbe ambamo kijana alijisifu kwa alichofanya. Ushahidi wote ulikuwepo. Chuo kilikuwa kikingoja malalamiko ya Gwantwa mwenyewe.

"Mbona hukutuletea?" Lusekelo akauliza.

"Nilileta, baba," Bupe akasema. "Nilikuja mara mbili. Wewe mwenyewe uliniambia hayupo, bila hata kunitazama usoni."

Lusekelo akakaa kwenye benchi la pale nje, akazikunja karatasi zile ampelekee binti.

Baba alipofika nyumbani alimkuta binti akimenya viazi. Alimweleza yote, akamwomba msamaha huku machozi yakimtoka. Gwantwa akasema, "Nimesikia, baba," akaendelea kumenya.

Gwantwa akaandika malalamiko yake mwenyewe, kijana akafukuzwa, na nafasi ya binti ikarudishwa. Januari alirudi chuoni. Anasoma vizuri, na wagonjwa wanampenda. Baba humpigia simu kila Jumapili, naye hupokea na kujibu kwa heshima. Lakini likizo zikifika, Gwantwa huenda kwa kina Bupe.

Kijana yule alimwaibisha Gwantwa mbele ya watu. Sasa niambieni, ninyi mlio wazazi na walimu: ni nani aliyemkosesha kwao?