Kwa Nini Bibi Harusi Hufungiwa Mlango

Elfu hamsini, na sipunguzi.

Sipunguzi, Bwana Mbaruku, hata ukinionyesha hiyo elfu kumi mpaka jua lizame. Ikunje uirudishe mfukoni, inaloa jasho bure. Mimi ndiye shangazi yake Tunu, mgongo wangu uko mlangoni, na bibi harusi yuko ndani na hatoki. Wewe ni mjomba wa bwana harusi, mtu mzima na heshima zako, umetoka Korogwe na magari na matarumbeta, halafu unanisimamia mbele za watu unasema, "Bi Somoe, mahari tulishamaliza. Hii ya mlango ni ya nini tena? Hii ni tamaa tu."

Tamaa! Wanawake, mmemsikia? Hebu nyamazeni kwanza na vigelegele. Mimi shule sikukanyaga, nimejisomea mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia maandazi, lakini jambo nikiulizwa waziwazi nalijibu waziwazi. Mpeni mjomba kiti. Na nyie wa matarumbeta pumzisheni mashavu. Nitawaambia mlango huu ulianza kufungwa lini, na nani aliufunga.

Hapo kale, wala si kale ya babu zetu, nyuma kabisa ya hiyo, ng'ambo ya mto palikuwa na mji ulioitwa Zamuni. Watu wake walikuwa wagomvi kupita kiasi. Mtoto wa huyu kala hindi la yule, basi fimbo. Mbuzi wa yule kaingia kwa huyu, basi panga. Wakachoka. Wakakaa kitako wakapitisha sheria kwamba kuanzia siku ile hakuna tena mtoto wa fulani. Kila mwezi ukiandama, kila mtoto atakunja mkeka wake ahamie nyumba inayofuata, mpaka auzunguke mji wote, kisha aanze upya. Watoto wa wote, mzigo wa wote. Asiye na mtoto wa kwake atagombana kwa ajili ya nani?

Na kweli, ugomvi uliisha. Uliisha kama moto uliomwagiwa maji, na chungu kilichokuwa juu yake kikabaki kibichi.

Maana mtoto wa kuhamahama hujifunza adabu moja tu, adabu ya mgeni. Watoto wa Zamuni walibisha hodi kila mlango. Walikula walichopewa wakasema wameshiba hata tumbo likiguruma. Hakuna aliyesema bamia hapendi. Wakakua hivyohivyo, wakawa watu wazima wageni. Paa likivuja, mtu alisogeza mkeka pembeni kwa upole, kwa kuwa mgeni hasemi paa la mwenyeji ni bovu. Mgonjwa alitembelewa na mji mzima, akapewa pole na mji mzima, na jioni mji mzima ukaaga ukaenda zake. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao walikuwa wageni maisha yao yote, na jembe halikumfikia mtu.

Kuoa nako kulikuwa rahisi kama kuazima chumvi. Kijana alisimama uani akasema, "Nimekuja." Binti akakunja mkeka wake akatoka. Nyumba aliyoiacha ikamwambia safari njema. Kesho akionekana amekonda, hapakuwa na wa kumwuliza mume, "We bwana, vipi?" Angeulizwa na nani? Kila mtu alikuwa mpitaji.

Sasa katika mji huo alikuwepo mfinyanzi mmoja, Mashavu, mwanamke wa maneno makali. Mji mzima hauna ugomvi, yeye akawa anagombana na vyungu vyake. "We kitako kimepinda, utakaa wapi?" Watu wakipita walitazama chini kwa adabu.

Mwaka mmoja, mwanzo wa masika, aliletewa msichana mdogo aitwaye Nyamvula akae mwezi wake. Mvua zikapiga. Bonde lililokata mji katikati likajaa maji, halipitiki. Mwezi ukaandama, mtoto hakuhama. Ukaandama mwingine, bado maji.

Mwezi wa kwanza Nyamvula alikuwa mgeni kama wenzake, asante huku na asante kule. Ule wa pili, Mashavu aliingia jikoni akamkuta amefunua chungu, kichwa cha samaki kiko mkononi.

"Nani kakwambia ufunue chungu changu?"

"Njaa," akajibu mtoto, akaendelea kutafuna.

Mashavu akamgombeza mpaka sauti ikamkauka. Mtoto akanuna. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko amevuta mdomo, mvua inampiga. Kisha, bila kuitwa na mtu, akarudi ndani na kuketi mahali pake. Mashavu akamsogezea bakuli. Wakala.

Msicheke, hilo ndilo jambo lenyewe. Katika mji ule hakuna aliyewahi kukasirikiana na mtu, kisha akala naye sahani moja.

Mvua zilipokatika wazee walikuja kumchukua mtoto. Mashavu akawatokea na udongo mikononi. "Huyu kanivunjia vyungu viwili. Hatoki hapa mpaka nimwone anafinyanga vya kwake." Wazee wakatazamana. Sheria walikuwa nayo, lakini kugombana walishasahau. Wakasema samahani kwa usumbufu, wakaondoka.

Basi Nyamvula akabaki. Watoto wengine walijifunza nusu ya kila kazi, maana mwezi uliwatoa kabla ya kumaliza. Yeye alijua kuchimba udongo, kuupepeta, kuukanda, kufinyanga, mpaka kuchoma. Alijua pia kubamiza mlango, kuomba radhi, na kusema bamia hapendi. Akawa binti mzuri mwenye ulimi, mwanafunzi halisi wa mwalimu wake.

Akatokea Mbwana, kijana mpole kama mji wake. Nyamvula alimpenda, tena sana. Asubuhi moja Mbwana akasimama uani. "Nimekuja." Nyamvula akakunja mkeka. Alipofika kizingitini akamkuta Mashavu ameufunga mlango, ameuegemea kwa nje.

"Unampeleka wapi?"

Mbwana hakuwahi kuulizwa swali hilo, wala hakujua kama lina jibu. "Kwangu," akasema.

"Huko kwako paa linavuja?"

"Linavuja, mama."

"Likivuja unafanyaje?"

"Nasogeza mkeka."

"Nenda kaezeke!"

Akaenda kuezeka. Akarudi na mikwaruzo ya makuti mikononi. Mashavu akamwuliza kuni. Akaleta kuni. Akamwuliza mtungi wa maji, akaleta na huo. Akamwuliza akiugua binti huyu nani atapika uji. Hapo kijana jua likampanda kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akapaza sauti.

"Mama, umezidi! Uji nitapika mimi! Unadhani nani atapika, kuku?"

Zamuni nzima ikatoka nje. Watu waliacha vyungu motoni kuja kusikiliza ugomvi, kama leo wanavyokimbilia ngoma. Mashavu alikuwa anamshinda kijana kwa maneno, anamshinda vibaya, mpaka mzee mmoja ambaye nyumbani kwake Mbwana aliwahi kulala mwezi mmoja utotoni akashindwa kuvumilia. "We Mashavu, mwache kijana wangu!" Kijana wangu! Neno lilimtoka mwenyewe akalishangaa. Mbwana akageuka akamtazama. Alikuwa amepata mjomba. Bibi mmoja akasimama na Mashavu: "Na binti yetu naye hana watu?" Kufika adhuhuri mji umegawanyika pande mbili, wanapeana vijembe, wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Ndani, nyuma ya mlango, Nyamvula alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Na nje, katikati ya kelele zile, mwanamke mmoja aliyeolewa miaka mingi nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Mimi siku naondoka, hakuna aliyesimama mlangoni."

Kila mwanamke pale akakumbuka siku yake.

Mashavu akashusha pumzi. Akamwambia Mbwana, safari hii polepole, "Nina neno moja tu. Siku nikija kwako kugombana, utanifungulia?"

"Nitakufungulia, mama. Hata ukija kila siku."

"Nipe kitu cha kuthibitisha."

Kijana akajipapasa, hana kitu. Mzee wake, mjomba wa asubuhi ileile, akavua shuka begani akalitandaza miguuni pa Mashavu. Ndipo mlango ukafunguliwa, na vigelegele vya kwanza vya mji ule vikapigwa. Mwezi ulipoandama tena, hakuna mkeka uliokunjwa. Watoto walikaa walipokuwa. Wakanuna, wakagombezwa, wakarudi wenyewe kula. Na wenye mapaa yanayovuja wakapanda kuezeka.

Na tangu siku hiyo bibi harusi hatoki chumbani mpaka mlango wake ugombaniwe. Asiyegombaniwa huondoka kama mkeka uliokunjwa.

Basi, Bwana Mbaruku, jibu lako ndilo hilo. Mahari ni haki ya Tunu, na ameshaipokea mwenyewe kwa mkono wake. Hii ni ya mlango. Siku nikisikia mwanangu amekonda, nitapanda basi mpaka Korogwe nije nigonge, na mtanifungulia bila kuniuliza nimeitwa na nani. Nitafoka, mtafoka, kisha mtanipa chai. Hilo ndilo unalolilipia leo, na kwa hilo hamsini ni bei ya undugu.

Naona unacheka. Cheka, lakini mkono uingie mfukoni.

Elfu hamsini. Weka hapa.